Namba ya Chini ya Ukurasa

Nianze kwa kusema wazi: mashine hazinishindi. Shuleni ninapofundisha Kifaransa, projekta ikigoma wanakuja kuniita mimi, na mkuu wa shule akipoteza faili yake ananitafuta mimi kwanza, Mungu baadaye. Kwa hiyo mama yangu alipofika kwangu mtaa wa Bel-Air kutoka kwake Lukafu, jicho moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho na la pili likielekea kulekule, akaniambia anataka kusoma kitabu, sikuona tatizo. Niliona kazi ya Jumamosi moja.

Mama alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Baba yake alikuwa mtu wa njia, wale wa kutembea na nyundo na kukaza vyuma tangu alfajiri. Shule aliiacha darasa la pili, au tuseme shule ilimwacha yeye: mama yake alijifungua mapacha na alitakiwa mtu wa kuwabeba. Mapacha wakakua, wakasoma, mmoja akawa muuguzi. Yeye hakurudi tena. Kusoma alijifunza ukubwani, akiwa mjane na nyanya wa wajukuu, katika darasa la wamama pale parokiani, Jumanne na Alhamisi. Alisoma ubao, akasoma matangazo ya ndoa mlangoni mwa kanisa, akasoma mifuko ya unga. Kitabu kizima, hapana.

"Mbele banipasule jicho," aliniambia siku ile ya kwanza, bado hajavua viatu, "minataka nimalize kitabu moya muzima. Miye mwenyewe. Mutu asinisomee."

"Mama, utasoma vizuri zaidi baada ya upasuaji."

"Siyue. Na weye hauyue. Kama jicho itakufa, ikufe imesoma."

Nasema mapema ili mtu asisome akiwa ameshika roho: upasuaji ulikwenda vizuri, na leo mama ananionyesha vumbi juu ya kabati langu ambalo mimi mwenyewe silioni. Lakini wakati ule hatukujua. Kuna mama mmoja wa kwao aliyerudi kutoka kwa daktari na giza, na mama yangu alikuwa amelala na habari hiyo tumboni. Daktari alimpa wiki saba za kusubiri. Wiki saba, kitabu kimoja, jicho moja lenye ukungu.

Kompyuta nilikuwa nayo, ile ya kugusa, kioo chake unakikunja mpaka nyuma kinakuwa kama sinia. Kitabu pia nilikuwa nacho. Mwalimu mwenzangu alinipa kwenye flashi riwaya nyembamba ya Kiswahili, kisa cha mjane ambaye mashemeji zake wanamfungia nyumba. Mama aliposikia habari ya mashemeji akakaa wima. Mambo hayo anayajua. Kwenye karatasi herufi zingemshinda, ila kwenye kioo ningezikuza nitakavyo. Kilichobaki ni programu ya kusomea, na programu za kusomea ni nyingi kama mitumba: zote zinaonekana nguo mpaka uvae.

Ya kwanza ilikuwa ya kuburuza. Unasukuma kwa kidole, maneno yanapanda. Mama akagusa kidogo tu, maneno yakaruka kurasa nne.

"Hii iko natembea sawa maji ya mvua," akasema. "Miye nitasimama wapi?"

Nikaifuta.

Ya pili ilikuwa na mapambo. Ukurasa unajikunja kwenye kona, halafu unatoa mlio wa karatasi. Niliipenda, nasema ukweli. Mama naye alipoona ukurasa akafanya kama anavyofanya na daftari lake: akalamba kidole. Basi kidole chenye mate na kioo havielewani. Ukurasa ulikwenda mbele, ukarudi, ukaenda tena, kitabu kinapepea chenyewe na mama ameinua mikono juu kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe. Nikampa kitambaa. Akafuta kidole, akasoma mistari mitatu, akalamba tena. Nikaifuta na hiyo, maana kidole chenye miaka yote hiyo singekifundisha mimi.

Ya tatu ilisoma kwa sauti. Hapo nilijiona bingwa. Nikaiweka mezani, nikabonyeza, nikakaa nyuma nikisubiri sifa. Kumbe ile sauti ilikuwa ya Kifaransa tu, Kiswahili haikufundishwa. Ilisoma "mashemeji" utadhani ni mji wa Ulaya. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Eh, mama yangu! Iko nasema sawa mupadri muzungu amefika jana!" Kisha kicheko kikakatika. "Zima. Nilikuambia mutu asinisomee. Na mashine nayo ni mutu."

Nikaendelea kutafuta. Yeye alikaa karibu yangu akichambua maharagwe, ananitazama kwa pembe ya lile jicho lililobaki.

"Madame," akaniambia. Ananiita hivyo akitaka kunichokoza. "Weye unachagula sana. Mwenye kuchagula jembe haiko mulimaji."

"Jembe baya linatoa malengelenge, mama."

"Basi leta ile haina malengelenge, tulime."

Ya nne ndiyo ilikuwa yenyewe. Kurasa zilikaa palepale mpaka uziguse: upande wa kulia unakwenda mbele, upande wa kushoto unarudi, na hata kidole kikiwa na mate haikujali. Nilikuza herufi mpaka zikawa kama maharagwe yaliyokuwa kwenye ungo wake. Nikabadilisha weupe wa kioo, nikauweka rangi ya karatasi iliyozeeka, jicho lisichomwe. Ilifunguka bila mtandao. Ilikumbuka ulipoishia. Ilikuwa na orodha ya sura unayoweza kugusa, na kule chini kwenye kona ilionyesha umefika asilimia ngapi. Safi kabisa. Nilimwonyesha mama kila kitu mara tatu, isipokuwa hiyo namba, maana nilidhani namba inajieleza. Nikafunga mambo, nikajipongeza kwa chai.

Asubuhi, umeme ukiwepo, mimi ndiye nilikuwa naichaji kompyuta kabla ya kwenda kazini, na nilikuwa nachungulia ile namba. Siku ya kwanza ilisema 3. Vizuri. Siku ya pili ilisema 3. Siku ya tatu, 4. Siku ya nne ikasema 3 tena. Nikajiambia ni mzee, anasoma polepole, usimbane. Wiki ya pili ikasema 6, ikasema 5, ikasema 7. Mtu anayesoma kitabu anarudi vipi kutoka 6 kwenda 5? Na mama alikuwa anasoma kweli! Nikirudi mchana nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, kompyuta magotini, midomo inacheza. Mara mbili sufuria ya maharagwe iliungua jirani yake na yeye hakusikia harufu. Nilifurahi nikadhani ni utamu wa kisa.

"Mjane amefika wapi?" nilimwuliza wakati tunakula bukari, ugali wa kwetu.

"Bado banamufungia nyumba."

Wiki tatu! Nyumba gani hiyo inafungwa wiki tatu?

Nikaamua programu ni mbovu. Inasahau. Na kwa kuwa niliichagua mimi, ilinikera kama mwanafunzi wangu mwenyewe anayefeli mbele ya mkaguzi. Niliitoa, nikairudisha upya. Wapi! Nikaweka ya tano, iliyofanana nayo. Ikasema 9, ikasema 8, ikasema 11. Jumamosi nikabeba kompyuta mpaka mjini kwa fundi mmoja, mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, nikaiweka juu ya meza yake bila hata kumsalimia.

"Papa, hizi programu zina ugonjwa wa kusahau."

Akafungua kitabu, akaenda ukurasa fulani, akafunga. Akafungua: palepale. Akazima mashine nzima, akaiwasha: palepale. Alifanya hivyo mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu.

"Madame, mashine iko nakumbuka muzuri," akasema. "Uliza ule mwenye kusoma."

Nilimjibu vibaya, sitaki kukumbuka nilivyomjibu. Niliona ananiambia mama yangu hajui kugusa kioo. Njiani kurudi nikawa nagombana naye peke yangu kichwani. Lakini kuuliza si ujinga, na zilibaki siku kumi na saba kabla ya upasuaji. Jumatatu nikabadilishana vipindi na mwenzangu, nikabaki nyumbani. Nikachukua rundo la karatasi za mtihani za kusahihisha, nikakaa uani hatua tatu kutoka kwa mama, nikajifanya simwoni.

Alifanya ishara ya msalaba. Akafungua kitabu. Kitabu kikafunguka pale alipoishia jana yake, kwa uaminifu kabisa. Naye mama, kwa utulivu wa mtu anayejua anachofanya, akagusa orodha ya sura, akagusa Sura ya Kwanza, akajikohoza na kuanza: "Matanga hayajaisha, mashemeji walikuwa wamekwisha kununua kufuli." Sentensi hiyo aliisema akitazama ukuta. Aliijua kwa moyo. Kurasa za mwanzo zote alizisoma kama maji, bila kukwama, mimi nikabaki kalamu hewani. Yule mama wa ubao na mifuko ya unga alikuwa anasoma kuliko nusu ya darasa langu la pili sekondari! Kadiri alivyoendelea alipunguza mwendo, akaanza kukata maneno vipande, mwishowe akachoka. Akainamisha uso mpaka karibu na kona ya chini ya kioo.

"Vingt-trois," akasema kwa sauti ndogo. Ishirini na tatu; namba kwetu tunazisoma kwa Kifaransa. Akafunga.

"Mama. Kwa nini unarudi mwanzo kila siku?"

Alishtuka. Kisha akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua mambo.

"Sasa mutihani banaanzia katikati?"

Sikuelewa. Akanionyesha ile namba kwa kidole, bila kuigusa.

"Siku ya kwanza ilinipa trois. Trois, tatu tu, mutoto wangu! Nilisikia haya, sikukuambia. Nikarudilia. Ikanipa tena trois. Sasa nimefika vingt-trois. Minatafuta cinquante, hamsini ya kupita, mbele ya daktari. Mama ya mwalimu atafeli, atapata échec?"

Karatasi za mtihani zilikuwa magotini pangu, kila moja na alama yangu nyekundu pembeni. Kwetu huku mtoto ni asilimia yake. Mwisho wa mwaka wazazi wanakusanyika kwenye uwanja wa shule, mkurugenzi anasoma jina na namba, jina na namba, na aliye chini ya hamsini anainama. Mama alikuja kwenye matangazo hayo kwa ajili yetu sisi watoto wote, miaka yote, na kitenge chake kizuri, akasikiliza namba za watu. Namba ya kwake haikuwahi kusomwa. Na mimi, ambaye riziki yangu ni kuwapa watu namba hizo, nilimwekea namba chini ya ukurasa nisimwambie ni ya nini. Nyani haoni kundule.

"Na ile ya huku juu?" akauliza. "Ile inashukaka?"

"Hiyo ni ya batiri."

"Ah. Nilizania ni yako."

Hapo nikacheka. Nilicheka vibaya, kwa sauti, kama mwalimu anavyocheka jibu la ajabu darasani, na katika kicheko hichohicho nikaanza kumweleza. Nikamwambia, mama, si alama, ni njia. Ni kama vile vibao vya kilomita kando ya reli, baba yako alikuwa anavipita kila siku. Kibao hakisemi treni ni nzuri wala mbaya, kinasema imefika wapi. Ungeendelea mbele tu, namba ingepanda yenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa anakupa mtihani. Nilieleza vizuri sana. Kueleza ndiyo kazi yangu.

Yeye alielewa mara moja. Mtoto wa reli hafundishwi vibao. Akatengeneza kitambaa chake kichwani.

"Basi ile vingt-trois," akasema, "sikuipata."

"Uliifikia, mama. Hukupewa na mtu."

"Hata moya?"

Uso wake ulikuwa umeshuka, na niliona kwamba kwa wiki tano mama yangu alikuwa na shule, akaamka kila asubuhi kwenda shuleni kwake uani, na mimi nilikuwa nimetoka kuifunga nikiwa nacheka. Niliumia. Nikafanya kile ninachofanya nikishindwa kusema samahani: nikaichukua mashine nikaitengeneza. Niliingia kwenye mipangilio, nikaiondoa ile namba, kona ikabaki tupu. Nikamwambia sasa asome kwa amani.

Kesho yake nimerudi kutoka kazini, bado niko mlangoni.

"Rudisha points zangu."

"Mama, nilikueleza kwamba..."

"Nilisikia. Ni njia. Miye minajua njia kupita weye. Rudisha."

Nikairudisha.

Kuanzia hapo akaenda mbele. Siku kumi na mbili, na njia iliyobaki ilikuwa zaidi ya robo tatu, tena kurasa ambazo hakuwahi kuziona. Alisoma asubuhi, akasoma mchana, mimi ndiye nikawa napika. Ukungu ulimchosha, alikuwa anafunga jicho, analipumzisha kwa kitambaa cha maji baridi, analifungua tena. Mara mbili nilijitolea kumsomea ukurasa mmoja tu, apumue. Mara ya pili alinitazama kwa namna ambayo sikujitolea tena. Mashemeji walivunja kufuli lao wenyewe, mjane akaenda barazani, mama akawa anakula haraka ili arudi kwa hakimu.

Alhamisi moja niko darasani, simu ikatetemeka mfukoni. Mama hakuwa amewahi kuandika ujumbe maishani mwake. Simu yake ni ya kupokea. Nikafungua. Haukuwa na herufi hata moja, namba tu: 50. Nilimwambia mwanafunzi wa mbele aendelee kusoma kifungu, nikageukia ubao, nikafuta mahali palipokuwa pameshafutwa.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili, upasuaji Jumanne. Baada ya misa hakutaka kubadilisha nguo. Alikaa uani na kitenge chake cha kanisani, nami nikakaa karibu, safari hii bila karatasi. Alisoma kwa sauti. Sura ya mwisho mjane anapewa ufunguo wake, anafungua, na ndani hakuna kitu, wamebeba hata milango ya ndani.

"Milango itarudi," mama akawaambia watu wa kitabuni. "Ufunguo njo kintu ya maana."

Akasoma mstari wa mwisho. Akagusa kulia, ukurasa haukwenda. Akagusa tena. Ndipo akainama kwenye kona, akakaa ameinama muda mrefu, mpaka nikadhani jicho limekataa.

"Cent," akasema. Mia. Akainua kidole kabla sijafungua mdomo. "Nyamaza. Usinielezee kintu."

Nilikuwa na maelezo, Mungu anajua. Nikanyamaza. Niliingia chumbani, nikachukua poda nyeupe ya mtoto, kopo zima, nikarudi uani nikammwagia mama yangu kichwani. Ndivyo tunavyowafanya hapa watoto waliopita mtihani wa serikali: siku matokeo yakitoka mitaa inakuwa na vichwa vyeupe. Poda ilimshukia kwenye kitambaa, kwenye mabega, kwenye kitenge cha misa. Nikamwambia asipanguse. Hakuwa anapangusa. Alikaa wima kwenye kile kiti cha plastiki, mikono magotini, machozi yanachora mistari kwenye weupe, na mimi nalia nimeshika kopo tupu.

Jirani yetu, mama mwenye watoto watatu shuleni, alichungulia juu ya ukuta, akaona poda, moyo ukamruka.

"Eh! Matokeo imetoka? Nani amepita kwenu?"

"Ni miye," mama akajibu.

"Weye, mama? Na ngapi?"

"Cent."

Jirani alinigeukia mimi, mwalimu, nimwambie ukweli. Nikasema ndiyo, amepata mia.